Mpangaji wa Titi la Kushoto

Kaunas, mwezi wa pili. Madirisha ya maabara yameota barafu.
Kazi yangu ni kukata. Mwaka wa ishirini na tisa huu nakata nyama
iliyogandishwa ndani ya nta, vipande vyembamba
hata ukipiga chafya vinapeperuka.
Navielekeza kwenye maji vuguvugu kwa ncha ya brashi,
natia rangi: zambarau kwa viini, waridi kwa yaliyosalia.
Madaktari husoma. Nami husoma, ila mimi silipwi kusoma.

Jumatatu huletwa makondo, kwenye ndoo zenye vifuniko.
Wanafunzi hukunja pua. Danguolė, msimamizi wao, huwaambia:
tia jicho kwenye hadubini, pua itanyamaza.
Nao huona msitu. Matawi ya mtoto
yamezama katika ziwa la damu ya mama,
yananyonya kabla mwenyewe hajajua kunyonya,
na damu mbili hizo hazigusani.
Kati yao utando: seli moja iliyokataa kuta,
viini maelfu ndani yake,
ukumbi ambao kila aliyemo ni mwenyeji.
Hewa hupita. Sukari hupita.
Seli haipiti.
Ndivyo tulivyofunzwa: haipiti.

Alhamisi ni matiti.
Linalonyonyesha hulijua upesi, vifuko vimejaa, vimebanana,
kila kimoja kimekumbatiwa na seli za mikono mirefu
ambazo hazina kazi nyingine ila kubana
mtoto akilia, hata akilia chumba cha pili.
Tone la mafuta likitaka kutoka
seli huchana kipande cha ngozi yake, ikalivika;
hakuna tone litokalo uchi.
Titi la ajuza ni jingine. Vifuko vimefunga,
mafuta yamehamia, imebaki mifereji michache
kama mitaro ya shamba lililokwisha uzwa.

La mama yangu lilikuja na namba, kama yote.
Sikupaswa kulikata. Nililikata.
Kivimbe tu, hakina shari, walisema.
Lakini Ringailė, daktari kijana mwenye utafiti wake,
alikuwa akitafuta seli za kiume katika matiti ya wanawake;
anayo rangi inayowaka kijani
penye kromosomu ya kiume, pengine popote giza.
Akaniita. "Zigmas, njoo uone."
Nukta moja. Nyingine. Ya tatu kando ya mfereji,
zimetulia kama wapangaji waliokwisha kulipa.

Kumbe hupita.
Mtoto hutoroka kupitia kondo lake,
huvuka ukuta tuliofunzwa hauvukwi,
akajitafutia chumba kwa mama, akakaa
miaka hamsini, hana kelele, hadai maziwa.

Mama alizaa wavulana wawili.
Mimi, na Vaidotas, aliyekanyaga barafu ya mto Nemunas
mwezi wa tatu, barafu ilipokuwa inaanza kusema uongo,
miaka kumi na mmoja, buti za baba miguuni.
Mto haukumrudisha.
"Ni yupi kati yetu?" nilimwuliza Ringailė.
Akasema rangi haijui majina.
Akazima taa ya hadubini, akaiwasha tena, akazima.

Jioni nilimpelekea mama supu ya bitiruti. Akalalamikia chumvi.
Watu husema asiye na mwana aeleke jiwe;
yeye alibakiwa na mwana, na jiwe bado akaeleka,
nami nimekua nikilitazama mgongoni pake,
hata kanisani, hata siku ya harusi yangu.
Nikamwambia: mama, kwenye titi lako la kushoto kuna mtu.

Akaweka kijiko. Hakuuliza nani.
Alivuta shali, akafunika upande ule
kama mtu anayezuia upepo usimwamshe aliyelala.
"Hilo ndilo alilolipenda," akasema.
"Wewe ulikuwa wa kulia."